RAM Haitaokoa Video Zako

Niseme tu wazi: vijana wengi tunaojitengenezea seva ya kuhifadhi faili nyumbani tunatupa pesa mahali pasipo na haraka. Mashine ikienda polepole, kila mtu ana jibu moja: ongeza RAM. Fundi mmoja hapa mjini Kitale aliniambia hivyo hivyo bila hata kuifungua. "Weka nane, kijana, itapaa."

Seva yangu hapa Matisi ni kompyuta ya mtumba, hizi tunaita ex-UK, yenye RAM ya GB 4 na diski mbili za terabaiti 2 zinazobeba kitu kilekile. Moja ikifa, nyingine inabaki. (Ukifuta faili kimakosa, imefutwa kote kote. Hiyo watu husahau.) Ndani kuna harusi na matanga nilizolipwa kurekodi, sawa. Lakini sisi Wabukusu tohara yetu ni Agosti ya mwaka wa namba shufwa, na nina za 2022 na 2024. Kwenye ile ya 2022 chinyimba zinalia, na kuka wangu anamwambia binamu yangu mambo ambayo sitayaandika hapa. Kuka alifariki mwaka uliofuata. Sauti yake haipo mahali pengine.

Basi kabla ya kutoa pesa, pima. Mimi nilinakili faili kubwa nikaangalia kasi: megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi haishuki. Ukiona namba hiyo, wachana na RAM kwanza. Kuna uwezekano mkubwa tundu la rauta yako ni la megabiti 100. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 12 na kidogo, ndio mwisho wake. Nikanunua swichi ndogo ya gigabiti na waya mzuri, kasi ikapita 80. RAM ni ileile 4.

Kisha nikasoma ripoti ya afya ya diski, ile inaitwa SMART. Moja ilikuwa na sekta mbovu 8. Wiki iliyofuata, 24. Hapo ndipo pesa yangu yote ilipoenda.

Kubadilisha diski si kazi ya kuogopa, ila kuna masaa ambayo watu hawayafikirii. Ukishatoa mbovu na kuweka mpya, ile iliyobaki inasomwa mwanzo hadi mwisho ili kuijaza mpya. Kwa muda huo hiyo ndiyo nakala yako pekee, na mara nyingi ina umri sawa na iliyokufa. Na huku kwetu mvua ikianza tu, stima inaweza kwenda. Kwa hivyo kwanza nilinakili video za muhimu kwa diski ya nje, nikampelekea senje wangu Bungoma. Anaiweka kwa kabati la vikombe. Halafu nikaazima UPS. Diski mpya ilijaa kwa masaa sita hivi, na mimi sikulala.

RAM ina wakati wake. TrueNAS inataka GB 8 kwa uchache. OpenMediaVault, ninayotumia, inaridhika na kidogo. Ukiamua kuongeza, fungua mashine kwanza uone ni aina gani. DDR3 haiingii kwa tundu la DDR4, pengo lake liko mahali tofauti, usilazimishe.

Agosti 2026 kuna tohara tena, na nimeshaitwa maboma matatu. Senje amesema diski ikijaa nimletee nyingine, kabati bado lina nafasi.