Jumapili ya Karani na Mwanawe

Katika miaka ya 1950, makarani wengi wa Nairobi walikaa mjini peke yao, wake zao wakibaki shambani, kwa kuwa mishahara ilipimwa kwa mtu mmoja. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilishauri mshahara umtoshe mtu na jamaa yake.

Basi baba wa namna hiyo alifika kwake Jumamosi usiku. Asubuhi mtoto wa miaka mitatu, alipoambiwa amwamkie baba, alijificha nyuma ya mama akauliza mgeni huyu ataondoka lini. Wala hakustahili kulaumiwa. Baba hakumshurutisha, aliketi mlangoni akamenya kiazi polepole. Adhuhuri mtoto alikuwa akila mkononi mwake. Basi la mjini liliondoka saa tisa.