Gari la Usiku

Kusafiri ni namna ya kusoma. Msafiri aliye macho huisoma nchi na watu wake kama asomavyo kitabu. Na kwa miaka mingi kitabu kipana cha namna hiyo katika nchi yetu kilikuwa gari la moshi lililosafiri usiku baina ya Mombasa na Nairobi.

Reli yake ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, kando ya ziwa, mwaka 1901. Haikujengwa kwa wepesi. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 miongoni mwao walifariki. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwatia wajenzi hofu hata kazi ikasimama kwa muda. Basi kila abiria aliyesinzia katika safari ile alisinzia juu ya jasho la watu asiowajua.

Gari liliondoka yapata saa moja jioni, likafika asubuhi ya pili, baada ya mwendo wa kilomita 530 hivi. Daraja la kwanza na la pili yalikuwa na vyumba vya kulala. La tatu lilikuwa na viti tu. Zamani za ukoloni mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa rangi, na Mwafrika mahali pake palikuwa daraja la tatu. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, ukabaki mgawanyo wa fedha.

Mimi nililijua daraja la tatu, kwa kuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu hana mfuko mzito. Gari likishapita Mazeras, minazi ilitoweka, na nje likatanda giza la nyika ya Taru. Hapo watu wasiojuana walianza kuulizana: watoka wapi, waenda kwa nani? Usiku mmoja bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alifungua kikapu, akanipa mahamri mawili.

“Ahsante, bibi, nimeshiba,” nikasema.

“Mjukuu wangu, usiku ni mrefu. Kula, njaa ya alfajiri haibishi hodi.”

Nikala. Kabla ya kufika Voi alikwisha kutueleza kwamba alikuwa akienda bara kumzika nduguye. Behewa lilinyamaza. Kisha mzee mmoja akakitwaa kikapu kile kile, akatia shilingi hamsini, akakizungusha. Kilipomrudia mwenyewe kilikuwa kizito kuliko alipopanda nacho. Kulipopambazuka tukaona punda milia katika mbuga za Athi, na stesheni ya Nairobi bibi yule aliagwa na watu zaidi ya kumi kama jamaa yao. Wahenga walisema kweli: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Silisifu gari lile kwa sababu ya ukale wake. Mwezi wa Januari 1993 mafuriko yalibomoa daraja la mto huko Ngai Ndethya, gari likatumbukia, na abiria zaidi ya mia moja wakafa. Katika miaka yake ya mwisho lilisafiri siku chache tu za juma. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, na safari iliyokula usiku kucha sasa yamalizika kwa muda wa saa sita hivi. Hiyo ni faida kubwa, na mwenye akili haikatai.

Lakini faida nayo ina hesabu yake. Tumeokoa saa saba. Je, tumezifanyia nini? Usiku ule mrefu ulitulazimisha kujuana, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine. Leo hakuna kinachotulazimisha. Twaweza kuketi bega kwa bega kutoka pwani hata bara, kila mtu amejifungia katika mawazo yake, tukashuka tusijue kama jirani yetu alikuwa akienda arusini au matangani.

Kwa hiyo, ninyi vijana mtakaosafiri kwa kasi kuliko sisi, msiyalilie magari ya kale. Furahini kufika mapema, lakini mwulizeni jirani habari zake. Mwendo wa haraka waweza kumfikisha mfiwa kwao. Kumpa pole ni kazi iliyobaki yetu.