Weupe wa Chini ya Picha

Mwaka jana katika jarida letu hili niliandika shairi, na mashairi yangu wenyewe mnayajua. Mwaka huu mhariri amenihurumia, akaniambia, "Wewe bwana, tuandikie habari ya kamera yako." Basi nami sikungoja kuambiwa mara mbili, nimeshika kalamu.

Kwetu ni Kau. Najua wengi wenu mtauliza Kau ndiyo wapi. Ukitoka Garsen ushike barabara ya Lamu hadi Witu, uteremke Kipini, kisha uingie botini na kuupanda mto Ozi, mikoko kushoto, mikoko kulia. Leo ni kijiji tu, lakini katika karne ya 19 kilikuwa bandari ya mtoni iliyotajika, pembe za ndovu zikiteremshwa kutoka bara. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne hiyohiyo, ndio uliouunganisha mto Tana na Ozi. Hayo muulizeni mwalimu wa historia. Mimi nimeagizwa kamera.

Kamera yenyewe si yangu peke yangu. Tuko wanne: mimi, binamu yangu, rafiki yetu wa kijiji cha Ozi, na msichana mmoja wa Kipini ambaye, kusema kweli, anatushinda sote. Mjomba alikuwa akifanya kazi Muscat, akarudi nayo ikiwa imekwisha tumika, Sony a6000, toleo la mwaka 2014. Ni katika zile kamera zisizo na kioo ndani. Ngoja nieleze kidogo, maana mwenzangu mmoja wa bwenini alidhani kioo kimeng'oka. Kamera kubwa za awali zilikuwa na kioo kinachokurushia jichoni sura ya kitu kilicho mbele yako. Ukibofya, kioo kinanyanyuka, pa! picha inapigwa. Tangu Panasonic walipotoa yao isiyo na kioo mwaka 2008, mambo yakawa mengine. Mwanga unafika moja kwa moja kwenye kibao cha kuupokea, nawe kwenye kile kidirisha unaiona picha kabla hujaipiga. Ikiwa ya giza unaiona giza, ikiwa imeungua kwa jua unaiona imeungua. Ubaya wake ni kula betri, na umeme wetu ni wa sola ya mjomba, basi tunapiga kwa hesabu kama askari waliogawiwa risasi.

Hapo mwanzo tuliihifadhi ndani ya kopo la mchele ili unyevu usiiingie. Nyanya akatuuliza kama siku hizi kamera nazo zinakula wali. Tukaona haya, tukahamia vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Wakati wa likizo, kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, tunakutana barazani kwa nyanya. Kila mmoja huleta picha moja tu ya juma hilo, tukaitazama kwenye tarakilishi ya mjomba. Sheria ni moja: mwenye picha hafungui kinywa mpaka wenzake wamalize. Sheria hiyo chungu kama shubiri! Rafiki yetu wa Ozi alileta picha ya mtumbwi, mstari wa maji umelala upande. Binamu akamwambia, "Ndugu yangu, mto wako unamwagika, kimbia ulete ndoo." Naye binamu aliwahi kuleta picha ya kiboko, tulichoona ni masikio mawili na kitu kama gogo. Tulibishana nusu saa nzima kama ni kiboko au ni gogo lililoota masikio, mwenyewe kavimba kama andazi, na kusema haruhusiwi. Yule msichana wa Kipini huleta mikoko, maji yakiwa yamekupwa na mizizi i wazi. Aina zote 9 za mikoko ya Kenya anazijua kwa majina. Yeye tukishamwambia "Lo!" hatuna la kuongeza.

Sasa likizo ya Agosti nilifika nyumbani jioni ya Jumatano. Alhamisi alfajiri nikachukua mtumbwi na kamera, nikateremka hadi usawa wa shamba letu la mpunga. Shamba hilo ndilo linalonilipia karo tangu kidato cha kwanza. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia. Nyanya alikuwa amesimama ukingoni mwa mfereji, amejifunga leso kiunoni, kiganja chake cha mkono wa kulia ki mdomoni, matone yanadondoka na kung'aa kama lulu. Nikabofya mara tatu. Moyo ulinidunda; nilijua nimepata picha.

Ijumaa nikaileta. Wenzangu waliitazama kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea barazani petu.

"Mwanga umemshika vizuri," akasema binamu. "Na yale matone!"

"Anakunywa maji ya mto kwa mkono," akasema rafiki wa Ozi. "Picha ya uzee na mto. Nzuri, ila huku chini ameharibu. Pameungua, pote peupe."

Msichana wa Kipini akasogea karibu na skrini. "Kweli. Jua limepiga tope bichi, kamera ikashindwa. Akate. Akianzia hapa kwenye magoti, imekwisha kazi."

Nami nimenyamaza kwa sheria, lakini rohoni nakubali. Hata kwenye kidirisha niliuona ule weupe, nikasema ni jua tu, nitaukata baadaye.

Nyanya akatoka na sinia ya kahawa. "Mwataka kukata nini?"

"Hapa chini, nyanya. Pameungua."

"Pameungua na nini?"

"Na jua."

Akaweka sinia chini, akainama, akatazama kwa muda. Nyanya yangu mato yake, kama asemavyo yeye mwenyewe, bado ni mazima.

"Hapo si jua, wanangu. Hiyo ni chumvi. Na mimi hapo sinywi maji. Naonja."

Kwa msomaji wa bara nieleze. Mpunga wetu hatuunyweshei kwa pampu. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, huyasukuma maji matamu ya mto mpaka yakaingia mashambani kwa mifereji. Mkulima huonja kwanza, kisha ndipo afungue. Lakini maji ya kutoka juu yakipungua, bahari yenyewe ndiyo inayoupanda mto. Ukifungua hayo umeuua mpunga, na yakikauka huacha ule weupe.

Nilisahau sheria. "Tangu lini, nyanya?"

"Msimu wa pili huu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesoma?"

Akamimina kahawa. Hakuna aliyekunywa upesi.

Ubishi tulioubisha baada ya hapo haujaisha mpaka leo. Rafiki wa Ozi, ambaye kwao nako chumvi imefika, alishikilia kuwa picha ni ileile: mtu wa Nakuru akiiona atasema pameungua, hatajua ni chumvi. Msichana akasema basi tuandike chini yake. Binamu akajibu kwamba picha inayohitaji kuandikiwa imeshindwa. Mimi nilimwona kila mmoja ana haki, na hilo ndilo lililonikera.

Jumamosi nilikwenda shambani na nyanya, kwa miguu safari hii. Alinionjesha maji, nikatema. Nikapiga magoti, nikapunguza mwanga, nikaipiga ile ardhi peke yake kwa karibu, hata punje za chumvi na mabua makavu yakahesabika. Ijumaa iliyofuata wenzangu waliitazama wakasema haina kitu, ni udongo tu. Nyanya akaichagua hiyo. Akasema ile nyingine yamwonyesha yeye, na watu wanamjua tayari.

Ameniagiza niipige tena mahali hapohapo kila niendapo likizo, penye kijiti alichokichomeka. Mpaka sasa ninazo tatu. Picha ya kwanza nimeibandika kwenye ubao wa chama chetu, bila kuikata, nanyi mtakuwa mmeiona. Mwalimu mmoja mpenzi wa picha alinisimamisha akanishauri niwe makini na jua la asubuhi. Nikamjibu, "Ndiyo, mwalimu."

Karo ya muhula huu ililipwa kwa wakati. Kilichouzwa sijakiuliza.