Mark X na matope ya Kilolo

Toyota ilitengeneza Mark X kuanzia 2004 hadi 2019, mrithi wa Mark II. Kwetu Iringa linafika likiwa limeshatumika Japani, ndiyo maana hata mwandishi wa habari kama mimi analimudu.

Kusema kweli, ni gari tamu. Silinda sita, lita 2.5. Ukipanda Kitonga nyuma ya malori, nafasi ikipatikana, unakanyaga kidogo tu, umeshapita. Na ndani kimya.

Ubaya? Linakula mafuta. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2000 ni asilimia 10. Ya cc 1500 ni asilimia 5. Halafu liko chini, na langu linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mvua zikianza, naliacha lami inapoishia, napanda bodaboda hadi kwa mama, Kilolo.

“Mwanangu, gari lako ni la harusi tu?” huniuliza huku akicheka. Lakini presha yake inapanda mara kwa mara, na kuna usiku bodaboda haitatosha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Mark X ni gari zuri, nitakujibu ndiyo. Kisha nitakuuliza mama yako anakaa wapi.