Jibu Nililoandika kwa Damu ya Kondoo

Kijana yule alitoka upande wa Koboko, na jibu la maabara nililompa daktari wake halikuwa la kweli. Ilikuwa miaka ya 1990. Alifika Arua akiwa na homa inayokuja na kuondoka, kichwa kinamuuma, tezi zimemvimba nyuma ya shingo. Daktari alishuku homa ya tezi, ile inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr, akataka kipimo cha Paul na Bunnell cha mwaka 1932.

Kipimo hicho hakitafuti kirusi. Seramu ya mgonjwa huchanganywa na chembe nyekundu za kondoo, na zikishikamana, seramu hiyo ina kingamwili zinazozikamata. Zilishikamana, hata nilipoizimua seramu sana. Nikaandika: homa ya tezi.

Kosa langu limo kwenye utando wa chembe hizo. Ni utando wa mafuta, na baadhi ya mafuta hayo yamebeba mnyororo wa sukari unaochomoza nje. Hizo ndizo glikolipidi. Kondoo anayo moja iitwayo antijeni ya Forssman, kwa jina la John Forssman wa Sweden aliyeieleza mwaka 1911. Mkia wake wa mafuta, uitwao seramidi, umezama kwenye utando, na juu yake zimepangana sukari tano: glukosi moja, galaktosi mbili, kisha asetili-galaktosamini mbili. Mbuzi anayo, farasi anayo, ng'ombe hana. Binadamu wengi hatuna pia, ndiyo maana damu zetu huwa na kingamwili dhidi yake hata bila homa ya tezi. Kwa sababu hiyo Israel Davidsohn alipendekeza mwaka 1937 seramu ipitishwe kwanza kwenye figo ya simbilisi, iliyojaa glikolipidi hiyohiyo, ili kingamwili hizo zinaswe kabla ya kuleta chembe za kondoo.

Figo hiyo hatukuwa nayo. Niliiruka hatua, na sikumwambia daktari kwamba nimeiruka. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Na nilikuwa najua. Nilishasoma kwamba malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humfanya mgonjwa atoe kingamwili za IgM kwa wingi mno, na kwamba seramu yake huweza kushikamanisha damu ya kondoo. Nilijua pia kuwa katika eneo letu la West Nile, lenye Arua na Koboko, watu hupata Epstein-Barr wangali watoto wadogo. Miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 walitolewa damu hapa katika utafiti wa virusi hivyo na saratani ya Burkitt. Kijana mkubwa wa Koboko, kwenye vijito vyenye mbung'o, mwenye tezi nyuma ya shingo! Ilinipasa kuzichoma sindano, nitoe majimaji yake na kuyatazama kwenye darubini papo hapo.

Alirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Alipoletwa tena alikuwa akisinzia mchana na kuongea ovyo. Vimelea vya malale vilionekana kwenye tezi, kisha kwenye maji ya uti wa mgongo. Mapema angetibiwa kwa pentamidini. Sasa ikabidi melarsoprol, dawa ya aseniki inayounguza mishipa, na inayoua karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini.

Alipona. Mama yake alikuja maabara kutushukuru sote, nami nikaupokea mkono wake. Daktari nilimweleza baadaye, na kwenye daftari nikaandika kando ya jibu langu kuwa hatua ya figo haikufanywa. Mama yule sikumwambia, na sijamwambia hadi leo.