Mkoba wa mama wanipeleka Kariokor

UKIINGIA soko la Kariokor, Nairobi, utakaribishwa na milio ya nyundo. Mafundi wa ngozi wameketi bega kwa bega, huyu akipamba makubadhi kwa shanga, yule akitia viondo mikanda, na harufu ya gundi imetanda kote. Jina la soko latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918.

Mimi sikwenda kununua kitu. Nilikuwa na mkoba wa ngozi ambao marehemu mama aliniachia. Baridi ya Julai iliuotesha ukungu kabatini, nami kwa bidii zangu nikausugua kwa sabuni ya kufulia na kuuanika juani. Kufikia jioni ulikuwa mgumu kama ubao, umepasuka penye mikunjo.

Fundi mmoja wa makamo aliugeuzageuza, akaguna.

"Dada, huu uliufua kama jinzi?"

Nilinyamaza. Alinieleza kwamba ngozi iliyotengenezwa ina mafuta ndani yake, na ndiyo huifanya iwe laini. Sabuni kali huyaondoa, kisha jua likamaliza kazi. Ukungu, alisema, hupanguswa nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, usije ukaenea kwenye nguo. Halafu kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Mkoba ukilowa, ujaze karatasi na uuache kivulini penye hewa. (Iwe karatasi nyeupe, msomaji, si gazeti hili, maana wino utahamia ndani.) Ukikauka, upake mafuta ya ngozi kiasi, ukianzia pembeni pasipoonekana, kwani mengine hubadilisha rangi. Kisha uhifadhi katika mfuko wa kitambaa. Plastiki hufungia unyevu ndani. Ngozi zenye vinyweleo kama mahameli hazitaki mafuta hayo. Brashi laini yazitosha.

"Na hizi nyufa?" niliuliza.

"Hizo zitabaki."

Hata hivyo alipaka mafuta, akasugua kwa kidole polepole, akaacha yanywewe, akapaka tena. Mkoba ulianza kukunjika bila kulia. Mwishowe aling'oa mkanda uliokuwa karibu kukatika, akashona mpya.

Ule wa zamani alitaka kuutupa kwenye rundo la vipande miguuni pake. Nilimwomba anirudishie. Ulikuwa umebonyea mahali mama alipozoea kuushika.