Dawa ya Kupe Hupita Ngozini

Katika nyanda za Ankole, tangu viunga vya mji wa Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ng'ombe ni mali, ni heshima, na ni maziwa ya watoto. Adui yake mkubwa ni kupe, aletaye ndigana kali. Ndiyo maana dawa ya kupe haikosekani katika nyumba ya mfugaji. Kila aitumiaye anajua kwamba mtu akiinywa aweza kufa. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa sumu hiyo haina haja ya kupitia kinywani.

Zamani ng'ombe wengi waliogeshwa katika majosho ya umma. Mnyama alijitosa mwenyewe, mchungaji akasimama kando. Majosho mengi yalipoharibika, kazi ilihamia kwenye bomba la mkono. Sasa mchungaji husimama ubavuni mwa ng'ombe. Upepo humrudishia manyunyu usoni, na bomba livujalo humlowesha mgongo na mapaja. Zaidi ya hayo, wataalamu wamethibitisha kwamba kupe wa kusini-magharibi mwa Uganda wamekuwa sugu kwa dawa kadhaa. Baadhi ya wafugaji hujibu kwa kuzidisha kipimo, au kwa kuchanganya dawa mbili katika ndoo moja. Kupe huenda asife, ilhali mikono ya mchanganyaji imekwisha kulowa sumu kali zaidi.

Ngozi huzuia maji kwa sababu tabaka lake la juu ni la chembe zilizokufa, zilizoshikamanishwa na mafuta. Dawa nyingi za wadudu huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya pale ambapo maji hushindwa. Joto, jasho, nguo mbichi na michubuko huzidisha upenyaji huo.

Tena, si kila sehemu ya mwili iliyo sawa. Mwaka 1971, huko Marekani, daktari Howard Maibach na wenzake walitangaza matokeo ya kupaka dawa ya wadudu iitwayo parathioni juu ya ngozi za watu. Katika mkono, chini ya kiwiko, iliingia kiasi cha asilimia 9. Katika kiganja, asilimia 12. Katika ngozi ya kichwa, asilimia 32. Katika paji la uso, asilimia 36. Kwapani, asilimia 64. Na katika korodani, karibu yote. Mtu ajipanguzaye jasho la uso kwa mkono wenye dawa, au aendaye haja ndogo kabla ya kunawa, huihamisha sumu kutoka mahali inapopenya polepole hadi mahali inapopenya upesi.

Parathioni ni ya jamii ya oganofosfati, ambayo baadhi ya dawa za kupe pia ni zake. Sumu hizi hudhuru mishipa ya fahamu: amri ya ubongo ikishafika kwenye msuli, haizimiki tena. Askari watalielewa jambo hili kwa urahisi. Mwaka 1936 mkemia wa Kijerumani Gerhard Schrader, akitafuta dawa ya wadudu, aligundua tabun. Mwaka 1938 ikafuata sarin. Zote mbili zikawa silaha za vita. Dawa ya mifugo ni hafifu kuliko hizo, lakini huushika mwili kwa njia ile ile.

Hatari hiyo haiishii zizini. Huko Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 na ambayo leo yana watu kutoka Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia na kwingineko, nyumba nyingi ni ndogo, na bomba la dawa huweza kulala chumba kimoja na watoto. Shati la kunyunyizia hufuliwa beseni moja na nepi za mtoto mchanga. Katika kambi za askari na polisi, kunguni wanapozidi, hutokea mtu akamwaga dawa ya kupe juu ya godoro, kisha familia ikalala juu yake usiku kucha. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Baya kuliko yote ni kumpaka mtoto dawa ya ng'ombe kichwani ili kuua chawa, au mwilini kutibu upele. Ngozi ya kichwa hupitisha sumu zaidi ya mara tatu kuliko ya mkono, na mwili wa mtoto ni mdogo. Kiasi kidogo humtosha kumwua. Chawa na upele vina dawa zake katika zahanati. Wala jambo hili lisimwogofye mtu na chandarua chenye dawa, kwa kuwa hicho hutiwa dawa isiyo ya jamii ya oganofosfati, kwa kipimo kilichochunguzwa, nacho huokoa maisha.

Mwenye kunyunyizia avae shati la mikono mirefu, glavu za mpira na mabuti, suruali ikiwa nje ya buti. Amalizapo, aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Dalili za sumu ya oganofosfati ni mboni za macho kuwa ndogo, mate na jasho jingi, kutapika, misuli kutetemeka na pumzi kuwa nzito. Mgonjwa avuliwe nguo zote mara moja, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia, na amwoshaye ajikinge mikono. Maziwa, ambayo wengi huyategemea, hayaondoi sumu iliyokwisha kuingia katika damu. Mgonjwa apelekwe upesi kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya Mbarara, na chupa ya dawa iende pamoja naye. Atropini huokoa aliyedhuriwa na oganofosfati, lakini dawa nyingine za kupe hutibiwa vingine, na daktari hujua ipi ni ipi kwa kusoma karatasi ya chupa. Kwa sababu hiyo, dawa iliyonunuliwa sokoni ndani ya chupa ya soda, bila jina wala maelezo, isiingizwe nyumbani hata ikiuzwa kwa bei rahisi.